Uzi wa Chubwi

Mkwe aliingia dukani amevaa viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi vikang'aa, na Mama Ndoana alipoviona tu alijua asubuhi yake imeharibika. Nani anakwenda kuvua miambani na viatu vya harusi? Lakini ndivyo alivyokuwa kijana huyu. Kila alipokuja mbele ya mama mkwe wake alijipamba kama mtu aliyeitwa na hakimu, na kila alipoulizwa jambo alijibu "ndiyo, mama" hata kabla swali halijafika mwisho.

Alikuwa mwokaji mikate, mkubwa wa mwili, mikono ya kukanda unga kutwa nzima, sauti ya mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Alikulia mbali na bahari. Alikuwa amemwoa binti pekee wa Mama Ndoana, na ndoa ilikuwa bado mbichi. Hakuna aliyemtuma kuvua. Ila binti alisema siku moja wakiwa mezani kwamba marehemu baba yake hakurudi mikono mitupu hata mara moja kutoka Meza, ule mwamba bapa ulio mbele ya ufuo, na mume mtu akadakia hapo hapo kwamba naye ataenda. Alitaka kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile. Mama mkwe alilijua hilo vizuri sana, na hakuwa na haraka ya kumhesabu.

Sababu zake, tuseme ukweli, hazikuwa na kichwa wala miguu. Mkwe hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, hakumpandishia mkewe sauti. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba alimchukua binti. Mama Ndoana alibaki na nyumba ya vyumba viwili na sahani moja, na kwa kuwa hasira lazima iwe na mtu wa kuibeba, alimtwisha huyo aliyekuwa karibu, tena mwenye mabega mapana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kununua au umekuja kupigwa picha?"

Kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango alikaa fundi bomba, mtu wa makamo aliyezoea kuja kila asubuhi kununua kitu kidogo na kuongea makubwa. Alicheka mpaka akakohoa. Mkwe naye akacheka kidogo, kwa adabu, akatazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Duka lilikuwa jembamba, watu wawili wakipishana mmoja anageuka ubavu. Ndoana zilipangwa kwenye visanduku vya mbao kwa ukubwa wake. Rili za uzi wa nailoni zilining'inia kwenye misumari nyuma ya kaunta, na chini, ndani ya beseni, zililala chubwi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi wa kuvulia. Mama Ndoana angeweza kukuhudumia humo akiwa amefumba macho. Alikuwa akijivunia hilo, na mara nyingi alikuwa kweli hatazami anachoshika.

Mkwe aliinamia visanduku, akatafuta kwa makini, akanyanyua ndoana kubwa kuliko zote.

"Hiyo?" Mama Ndoana alishika kiuno. "Unakwenda kuvua samaki au kumtundika ng'ombe?"

Fundi bomba akapiga goti lake kwa kofi.

"Samaki wa pale Meza wana midomo midogo," mama mkwe aliendelea, sauti juu, maana sasa alikuwa na hadhira. "Ukimpa dude kama hilo atadonoa chambo, atakuachia chuma chako, aende zake ameshiba. Chukua hizi ndogo, zenye shingo ndefu. Akimeza, unaishika shingo unaitoa. Halafu usinunue ndoana kwa macho. Iburuze kwenye ukucha, hivi. Ikikwama ni kali. Ikiteleza, mrudishie mwenye duka."

"Ndiyo, mama."

"Na namba ikipanda, ndoana inashuka. Namba kumi ni ndogo kuliko namba sita. Umeelewa?"

Macho yake yalisema hajaelewa hata nusu. "Ndiyo, mama."

Alipochagua ndoana, kwa kweli alipochaguliwa, mkono wake ulikwenda kwenye kisu kidogo chenye ala kilichokuwa kando ya mizani. "Na kisu, mama, hakihitajiki?"

"Cha nini? Unakwenda kuvua au kupora watu? Meno huna?"

Alikirudisha haraka kama kilichomchoma. Fundi bomba alikuwa anafuta machozi ya kicheko, na Mama Ndoana alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia wiki nzima.

Kisha akamfungia mshipi mwenyewe, maana mwokaji angefunga mafundo ya kufungia mifuko ya mikate. Uzi mkuu, imara, aliuzungusha kwenye kibao. Ndoana mbili zikakaa juu kidogo, kila moja kwenye mkia wake mfupi wa uzi. Chini kabisa, chubwi. Na hapa alieleza siri ya marehemu mumewe. Chubwi hufungwa kwa uzi dhaifu, mwembamba kuliko mwingine wote, kwa sababu miamba ya Meza ina nyufa, na chubwi hupenda kuingia kwenye nyufa. Ikinasa, unavuta mara moja, uzi ule mdogo unakatika, unapoteza kipande cha risasi lakini ndoana zako na samaki wako unarudi nao.

"Ndiyo maana unaweza kujifunga," alisema, akifunga kitanzi kwenye ncha ya juu ya uzi mkuu, fundo la kukaza. "Kitanzi hiki ni cha mkono. Pale Meza kunateleza, kibao kinamtoka mtu kikaenda na maji. Marehemu alivua na kitanzi mkononi miaka yote na hakupata hata mkwaruzo, kwa sababu chini kuna uzi unaokatika. Usikivue mpaka umekanyaga mchanga. Ukikivua, ukanipotezea mshipi niliokufungia kwa mkono wangu, usirudi hapa."

Wakati huo huo alikuwa akimjibu fundi bomba utani wa bomba na mke wa jirani, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akatungua rili msumarini, akakata kipande, akafunga chubwi. Mkwe alikuwa amemshikia ncha. Aliupitisha uzi katikati ya kidole na kidole gumba, akafungua mdomo.

"Nini?" Mama Ndoana aliuliza.

"Hakuna, mama."

Akatoa simu yake mfukoni, akaomba ibaki dukani isije ikalowa. Mama Ndoana aliitupia kwenye droo. Mkwe akatoka na viatu vyake vya kung'aa, na nyuma yake walicheka tena.

Mchana ulikuwa umeanza kulegea fundi bomba aliporudi. Safari hii alikuwa anataka kununua kweli.

"Nipe uzi mwembamba, ule wa chubwi. Umenitia hamu asubuhi. Kesho na mimi nakwenda kujaribu, leo hapana. Leo maji yanajaa vibaya, nimepita kule sasa hivi, yameshaanza kumeza ngazi za ufuoni."

Mama Ndoana alitungua rili ya uzi mwembamba, akaiweka kwenye kaunta, akachukua mkasi. Hapo mkono wake ukasimama. Karatasi ya kiwandani ilikuwa bado imeizunguka rili yote, imegandishwa vizuri, haijachanwa hata pembeni. Ndiyo, ile ya zamani iliisha jana. Hii aliitundika mwenyewe, na hakuwa ameifungua.

Sasa asubuhi alikata nini?

Aligeuka, safari hii akatazama. Kwenye msumari wa jirani ilining'inia rili ya uzi mnene, ule wanaoununua watu wa kuvua papa. Ncha yake ilikuwa inaning'inia, imekatwa upya.

 Alijaribu kujidanganya. Labda aliukata uzi ule jana, kwa mteja mwingine. Mteja gani? Hakukuwa na mteja. Aliona mshipi wote mbele ya macho yake, kutoka juu hadi chini, na hapakuwa na mahali popote pa kukatika. Chubwi ikinasa kwenye ufa, imenasa. Na juu, kwenye ncha nyingine ya uzi ule, kuna mkono wa mtu ndani ya fundo la kukaza. Mtu asiye na kisu, kwa sababu yeye ndiye aliyemnyima kisu. Mtu aliyeambiwa asikivue kitanzi mpaka akanyage mchanga, na mtu huyo hakuwahi kumkatalia neno.

"Mama Ndoana, vipi? Umeona jini?"

 Mama Ndoana alichukua simu yake akampigia mkwe. Kwenye droo kitu kikaanza kutetemeka na kuimba. Alivuta droo, na kwenye kioo cha simu ya mkwe ilikuwa imeandikwa neno moja tu, Mama. Hakuandika mama mkwe, wala jina la utani la mtaani. Alihisi kama amepigwa kofi.

"Kaa hapo," alimwambia fundi bomba. "Usiuze kitu."

"Na mimi uzi wangu?"

Alikuwa ameshatoka, mkasi mkononi.

Mwanamke wa umri wake hakimbii barabarani bila watu kugeuka, na waligeuka. Muuza magazeti alimuuliza nani amekufa. Alipita mbele ya ofisi ya posta, akapita ukuta wa shule, kandambili zikampiga visiginoni mpaka akazivua akazishika pamoja na mkasi. Huku akikimbia alikuwa anafanya hesabu ya mambo yote yanayoweza kuwa sawa. Labda amechoka, amerudi nyumbani. Labda chubwi haijanasa. Labda, Mungu amsaidie, safari hii moja amekuwa mbishi, amekivua kitanzi. Hakuwahi kuomba kitu kama hicho katika maisha yake, kwamba mkwe wake awe hana adabu.

Simu ikalia mkononi. Alikuwa binti.

"Mama, huyo mtu wako amepata chochote? Nimeshaandaa kikaango, asije akaniaibisha."

"Bado," alisema, akijitahidi asisikike anahema.

"Mbona unapumua hivyo?"

"Napanga mizigo. Nitakupigia."

Alikata.  Binti alikuwa anacheka kule jikoni, na kama mambo yamekwenda vibaya, hicho ndicho kicheko cha mwisho ambacho mama mtu atakuwa amekisikia.

Ufuo ulikuwa mtupu. Maji yalikuwa yamefunika mchanga wa chini wote, na kati ya nchi kavu na Meza ule mfereji ambao asubuhi mtu huuvuka na magoti makavu ulikuwa sasa unakwenda kwa nguvu, rangi ya chai ya maziwa. Viatu viwili vya ngozi vilikuwa vimewekwa juu ya jiwe, sambamba, soksi zimekunjwa ndani.

Mkwe alikuwa pale Meza. Mwamba wenyewe haukuonekana tena, ilikuwa kana kwamba mtu amesimama juu ya bahari, maji kiunoni, mkono wa kulia umenyooshwa mbele kama anayemsalimia mtu wa mbali. Kila wimbi lilipokuja mkono ule ulivutwa, na yeye akavutwa nao hatua moja kuelekea kwenye kina, kisha akarudi. Alikuwa ameuachia uzi wote kutoka kwenye kibao, kama mgeni yeyote angefanya, na haukubaki hata shubiri ya kulegeza.

Mama Ndoana aliingia majini na nguo zake zote. Hakuwa mwogeleaji. Katikati ya mfereji maji yalimfika kifuani, akapoteza kandambili, akapoteza simu, akaushika mkasi tu. Aliparamia mwamba kwa magoti. Alipoinua kichwa, mkwe alikuwa anamtazama kwa macho ya hofu, na hofu ile, angeapa, haikuwa ya bahari.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Shikamoo ya nini! Lete mkono!"

Kitanzi kilikuwa kimeingia ndani ya nyama. Vidole vilikuwa vimevimba, vimekuwa vyeusi kwa ubaridi na damu iliyosimama. Alikamata uzi mkuu mbele ya fundo, akaubana na mkasi. Uliteleza. Ulimponyoka mikononi, ile mikono iliyojisifu kufanya kazi bila macho. Wimbi likaja likawafunika wote wawili mpaka shingoni, akameza maji, akakohoa, akabana tena, akatafuna uzi ule kwa makali ya mkasi mpaka ukakatika na kuruka kuelekea baharini.

Mkwe alianguka kinyumenyume. Kisha akasimama, akamshika mama mkwe wake kwa mkono ule mzima, akamwomba radhi kwa kumshika, na akamvusha mfereji amemwinua kwapani kama gunia la unga. Bila kijana huyo Mama Ndoana asingevuka. Alilijua hilo kila hatua.

Walikaa kwenye mchanga. Mama Ndoana alimkatia kitanzi taratibu, pembeni, akitoa uzi kwenye ngozi, na kijana hakupiga kelele.

"Samahani, mama," alisema baada ya muda. "Nimepoteza ndoana zako."

Hapo Mama Ndoana alianza kulia, na hakujificha. "Nyamaza," alisema. "Nisikilize mimi. Nilikufungia uzi mnene. Nilikosea rili. Sikutazama, nilikuwa nafurahisha watu kwa kukucheka. Umesikia? Ni mimi."

Mkwe alitazama mkono wake. 

"Nilijua, mama."

"Ulijua nini?"

"Kwamba uzi si ule. Niliushika. Ulisema wa chubwi ni mwembamba kuliko wote, na ule ulikuwa mnene kuliko wote."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikusahihishe wewe? Dukani kwako, mbele ya mgeni?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Nikadhani labda sijui. Halafu huku, uliponasa, kitanzi kilikuwa bado kinavulika. Ila ulisema nisikivue."

Hakuwa analaumu. Alikuwa anaeleza tu, kama anayeeleza kwa nini mkate haukuumuka. Mama Ndoana aligeukia maji. Bahari haikuwa imefanya chochote kisichokuwa kazi yake. Huyu mtu alikuwa akizama kwa sababu ya ulimi wa mama mkwe wake.

"Kuanzia leo," alisema mwishowe, "nikikosea utaniambia. Hata mbele ya watu. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

Lilitoka upesi, lile lile, kwa sauti ile ile ya asubuhi.  Mama Ndoana alikuwa amemtoa kwenye maji na hajamtoa popote.

Walianza kurudi, yeye miguu mitupu, mkwe ameshika viatu vyake. Juu ya ufuo njia inagawanyika. Ya kulia inakwenda mjini na hospitalini, ambako mkono ule ulitakiwa ufike haraka. Ya kushoto inazunguka ghala la barafu na kuishia kwenye uzio wa waya, hakuna mtu wa mji huu asiyeijua, na mkwe mwenyewe alikuwa ameishika asubuhi hii hii akitafuta ufuo, mpaka akarudishwa na uzio. Mama Ndoana alichukua ya kushoto.

Hakuwa amekusudia hivyo mpaka mguu ulipokwisha kugeuka. Kisha akakusudia. Alitembea mbele, hakutazama nyuma, akisikiliza.

Nyayo zilimfuata. Walipita mlango wa ghala. Walipita rundo la makreti yaliyovunjika. Zilimfuata bila kusita, na uzio ulikuwa unaonekana sasa, naye alijiona akigonga paji la uso kwenye waya na kijana huyu akigonga nyuma yake, kimya, kwa heshima. Sema, alimwomba kimoyomoyo. Sema basi, mwanangu. Mkono wako unavimba.

Nyuma yake mtu alikohoa.

"Mama? Samahani, mama. Sijui kama... samahani. Nadhani tumepotea njia."

Alisimama. Hakugeuka, kwa sababu uso wake haukuwa wa kuonyesha mtu. "Umesemaje?"

"Hakuna, ma..." Akanyamaza. Alisikika akivuta pumzi, kama mtu anayetaka kunyanyua kitu kizito. "Nimesema tumepotea, mama. Njia ni ile ya kulia."

"Nani aliyetupoteza?"

Upepo ulitikisa waya wa uzio. Alisubiri, na katika kusubiri kule aliogopa kuliko alivyoogopa majini.

"Wewe, mama," mkwe alisema. "Wewe ndiye umetupoteza."